Kutoka udiwani hadi Bunge la Uingereza: je, mwenye pasipoti ya Tanzania anaruhusiwa?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi England kwa mwaka wa 14 sasa. Nina kibali cha ukaaji wa kudumu, lakini bado ninashika pasipoti ya Tanzania na sitaki kuipoteza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kwa miaka mitatu nimekuwa katibu wa umoja wa wapangaji wa jengo letu, tukipigania nyumba zilizojaa ukungu, na sasa majirani wananishawishi nigombee udiwani. Mume wangu anasema siasa za huku ni za raia, za wenye fedha na wa vyuo vikubwa, na kwamba udiwani ni kazi bure usipomfikisha mtu bungeni. Nimesikia John Major, aliyekuwa Waziri Mkuu, alianza na udiwani bila kufika chuo kikuu. Je, njia hiyo ipo kweli, na je, ipo kwa mtu kama mimi?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako imefunga pamoja maswali mawili, na nadhani ndiyo maana wewe na mume wako hamfiki mwisho wa mazungumzo. La kwanza ni la sheria: je, unaruhusiwa? La pili ni la siasa yenyewe: je, udiwani humfikisha mtu wapi? Nitaanza na la sheria, kwa sababu ndilo linalokuzuia kuchukua hatua, na jibu lake ni jepesi kuliko ulivyoambiwa.

Sheria ya England haidai uwe raia wa Uingereza ili ugombee udiwani. Inataka uwe umetimiza miaka 18, na uwe raia wa Uingereza, wa Ireland, wa nchi ya Jumuiya ya Madola, au wa baadhi ya nchi za Ulaya. Tanzania imo katika Madola, kama zilivyo Kenya na Uganda, na Rwanda tangu mwaka 2009. Raia wa Madola anawekewa sharti moja la ziada, kwamba ukaaji wake usiwe wenye kikomo, na mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu amelitimiza. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sharti hilohilo ndilo linalotumika kwa ubunge. Mtanzania mwenye kibali kama chako anaruhusiwa kugombea kiti katika Bunge la Uingereza akiwa na pasipoti ileile aliyoshuka nayo uwanja wa ndege. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana mlango huo, kwa kuwa nchi zao hazimo katika Madola. Wengi wao hulazimika kupata uraia kwanza. Kwa upande wa kupiga kura sheria ni pana zaidi, maana hata jirani yako Mkenya aliye na kibali cha kazi cha muda anaweza kuandikishwa katika daftari na kupiga kura. Nimekutana na watu walioishi hapa miaka kumi bila kulijua hilo.

Simlaumu mume wako. Kwetu tumezoea kwamba kura na kugombea ni vya raia peke yake, na ni kawaida mtu kudhani kila nchi iko hivyo. Lakini ningependa alielewe jambo hili vizuri, kwa sababu sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Nimeona watu wakikimbilia kuomba uraia wa Uingereza kwa kudhani kwamba bila huo hawawezi kugombea, kisha wakajuta walipogundua kwamba wameacha uraia wao wa kuzaliwa kwa jambo ambalo halikuhitaji. Usiombe uraia kwa sababu ya udiwani. Ukiuomba, uombe kwa sababu nyingine, na baada ya kupata ushauri.

Yapo mambo mawili ya kujichunguza. La kwanza ni uhusiano wako na eneo: lazima uwe umeandikishwa kupiga kura katika eneo la halmashauri hiyo, au uwe umeishi humo, umefanya kazi yako kuu humo, au umemiliki au kupanga jengo au ardhi humo kwa miezi 12 kabla ya kurudisha fomu ya kugombea. Hilo kwako si tatizo. La pili ndilo huwaangusha watu wa kazi yako: mtu aliyeajiriwa na halmashauri haruhusiwi kuwa diwani wa halmashauri hiyohiyo. Tazama karatasi yako ya mshahara. Ikiwa mwajiri ni kampuni binafsi au wakala, huna kizuizi. Ikiwa nyumba ya wazee unayofanyia kazi ni ya halmashauri yenyewe na ndiyo inayokulipa, lazima uwe umeacha kazi hiyo kabla ya kurudisha fomu; kuacha baada ya kushinda hakusaidii. Pia mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi mitatu au zaidi katika miaka mitano iliyopita, hata kama kifungo hicho kiliahirishwa, hana sifa.

Sasa tuje kwa John Major, maana umeuliza kwa habari zake, na habari zake zinafundisha zaidi zikielezwa zote kuliko zinavyoelezwa kwa sentensi moja.

Alizaliwa mwaka 1943. Biashara ya baba yake ya mapambo ya bustani ilipoanguka, familia ilihamia vyumba vya kupanga Brixton, kusini mwa London. Aliacha shule akiwa na miaka 16, chuo kikuu hakukiona kama mwanafunzi, na kuna kipindi alikaa bila kazi. Alijiunga na chama cha Conservative akiwa kijana, akawa anahutubia watu Brixton akiwa amesimama juu ya sanduku la mbao. Baadaye alipata kazi benki. Benki ikampeleka Nigeria, na huko, mwaka 1967, aliumia vibaya mguu katika ajali ya gari. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25, aligombea udiwani katika halmashauri ya Lambeth, kata ya Ferndale, akashinda.

Hapa naomba uangalie kwa makini. Ushindi ule haukuja kwa sababu wapiga kura wa Ferndale walimpenda kijana yule kuliko wengine. Serikali ya Labour ya Harold Wilson ilikuwa imechokwa nchi nzima, na wananchi wa London wakaiadhibu kwenye kura za madiwani. Conservative wakatwaa kata ambazo hawakuzoea kuzitwaa. Miaka mitatu baadaye upepo uligeuka, na mwaka 1971 Major akakipoteza kiti. Hivi ndivyo uchaguzi wa madiwani wa Uingereza unavyokwenda hadi leo: sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa na hasira au subira ya watu juu ya serikali ya kitaifa, na diwani mchapakazi anaweza kuondolewa kwa makosa ya waziri ambaye hajawahi hata kuonana naye. Ukiamua kuingia, uingie ukilijua hilo, lisije likakuvunja moyo.

Ila miaka ile mitatu hakuipoteza. Aliingia katika kamati ya nyumba, na kufikia mwaka 1970 akawa mwenyekiti wake, kijana wa miaka 27 anayeongoza kamati yenye dhamana ya makazi ya maelfu ya familia katika mojawapo ya maeneo yenye shida kubwa ya nyumba jijini. Yeye mwenyewe alikuwa amekulia katika vyumba vya kupanga, kwa hiyo mambo ya paa linalovuja na jiko la kushirikiana hayakuwa habari ya kusimuliwa. Cha kushangaza ni kwamba uchaguzi uleule wa 1971 uliomtoa Major ndio uliomwingiza Ken Livingstone wa Labour katika halmashauri hiyohiyo, naye akawa makamu mwenyekiti wa kamati hiyohiyo ya nyumba. Livingstone baadaye aliongoza Halmashauri Kuu ya London, akawa mbunge mwaka 1987 na meya wa London mwaka 2000. Watu wawili wa itikadi zisizopatana hata kidogo, na wote walijifunzia kazi katika suala lilelile linalokukosesha usingizi wewe. Siamini kwamba ni bahati tu. Nyumba ndiyo mahali ambapo diwani hukutana uso kwa uso na sheria, bajeti na machozi ya mtu kwa siku moja.

Baada ya Lambeth, Major aligombea ubunge mara mbili katika jimbo la St Pancras North, Februari na Oktoba 1974, na mara zote mbili akashindwa. Lilikuwa jimbo la Labour, na chama chake kilimpa kwa kuwa hakikutegemea kushinda. Mwaka 1976 akateuliwa kugombea Huntingdonshire, jimbo la mashambani kaskazini mwa London ambalo lilikuwa ngome ya Conservative, na mwaka 1979 akaingia Bungeni kwa wingi wa kura zaidi ya 21,000. Tangu awe diwani hadi awe mbunge ilipita miaka 11, na katika hiyo, minane hakuwa na cheo chochote cha kuchaguliwa. Yaliyofuata yalikwenda haraka: mnadhimu wa serikali, naibu waziri, Waziri wa Mambo ya Nje na kisha Waziri wa Fedha ndani ya mwaka mmoja wa 1989, na Waziri Mkuu tarehe 28 Novemba 1990. Uchaguzi wa 1992 ulipoelekea kumwendea vibaya, alitoa tena sanduku la mbao, akasimama juu yake katikati ya umati uliokuwa ukimzomea pale Luton, akahutubia kama alivyofanya Brixton ujanani. Chama chake kilipata zaidi ya kura milioni 14.

Basi jambo lililomfungulia Bunge ni lipi? Si udiwani wenyewe, kwa maana udiwani alikuwa ameshaupoteza. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kuna ngazi, kwamba ukikanyaga kata utapanda hadi jimbo. Ngazi hiyo haipo. Uingereza ina wabunge 650, na England peke yake ina madiwani zaidi ya 16,000; hesabu yenyewe inakuambia kwamba walio wengi hawatakwenda popote zaidi, na wengi wao hawataki. David Cameron na Rishi Sunak walifika Uwaziri Mkuu bila kuwa madiwani hata siku moja.

Mlango wa kweli ni mkutano wa uteuzi wa chama. Katika majimbo mengi ya Uingereza, mshindi anajulikana kabla kura hazijapigwa, kwa kuwa jimbo ni ngome ya chama fulani. Kwa hiyo anayechagua mbunge kwa kweli ni wale wanachama wachache wa chama hicho wanaokutana kumteua mgombea. Kwa ubunge wanaweza kuwa mia kadhaa. Kwa udiwani nimekaa katika mikutano ya namna hiyo mara nyingi: chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, viti vya plastiki, birika la chai linalochelewa kuchemka, watu 15 au 20 ambao nusu yao wana nywele nyeupe, na kila mwombaji anapewa dakika tano za kuongea na dakika kumi za kuulizwa. Kura zinahesabiwa juu ya meza hiyohiyo. Ukiisha kuiona siku hiyo, utaelewa kwamba swali lao kuu ni moja: huyu amefanya nini, na atafanya kazi hata mvua ikinyesha? Hapo ndipo udiwani wa Major ulipomsaidia. Huntingdonshire ilikuwa ikipokea familia nyingi zilizohamishwa kutoka London, na mtu aliyetoka Brixton na kusimamia nyumba za Lambeth aliweza kuzungumza nao, jambo ambalo bwana mkubwa wa mashambani asingeliweza.

Mifano mingine inafuata mkondo huo. Theresa May, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa diwani wa Merton tangu 1986 hadi 1994, akaongoza kamati ya elimu, akashindwa ubunge North West Durham mwaka 1992, akawa wa tatu katika uchaguzi mdogo wa Barking mwaka 1994, ndipo akashinda Maidenhead mwaka 1997. Sadiq Khan wa Labour, aliyekuja kuwa meya wa London, mtoto wa dereva wa basi aliyekulia nyumba ya halmashauri, alikuwa diwani wa Wandsworth kwa miaka 12, yote akiwa upinzani, kwa kuwa halmashauri hiyo ilishikwa na Conservative tangu 1978 hadi 2022. Hakuongoza kamati yoyote yenye nguvu. Hata hivyo, mwaka 2005 Tooting ikamtuma Bungeni. Na nikutajie mmoja aliyefika nchi hii kutoka ng'ambo kama wewe. Bernie Grant, mzaliwa wa Guyana, alifika mwaka 1963, akawa diwani wa Haringey mwaka 1978, kiongozi wa halmashauri mwaka 1985, na mbunge wa Tottenham mwaka 1987. Alikwenda kwenye ufunguzi wa Bunge akiwa amevaa vazi la Afrika Magharibi, na picha ile haijasahaulika.

Kuhusu fedha, mume wako yuko sahihi nusu. Kugombea udiwani hakuna dhamana ya kulipa, na siku hizi fomu ya England huhitaji saini za wapiga kura wawili tu wa kata yako. Sheria pia inaweka kikomo cha matumizi: pauni 960, pamoja na peni 8 kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa, hivyo kata ya wapiga kura 10,000 haiwezi kukugharimu zaidi ya pauni 1,760, na mara nyingi chama ndicho kinacholipia vipeperushi. Kwa ubunge dhamana ni pauni 500, ambayo hurudishwa ukipata zaidi ya asilimia 5 ya kura, na saini ni kumi. Unaweza hata kugombea bila chama chochote, jambo ambalo kwetu Tanzania haliwezekani, ingawa kwa uzoefu wangu mgombea binafsi hushinda pale tu ambapo mtaa mzima unamjua kwa jina.

Gharama kubwa ni muda. Diwani halipwi mshahara; hupewa posho, ambayo kwa halmashauri nyingi haitoshi kuendesha nyumba. Una haki ya kisheria kumwomba mwajiri ruhusa ya muda wa kutosha kwa kazi za udiwani, ila halazimiki kukulipa kwa saa hizo. Mtu wa zamu kama wewe ataumia zaidi, kwa sababu vikao vingi ni vya jioni. Kaa na mume wako mhesabu saa hizo kwa kalamu, mkijua nani atawapikia watoto siku ya kikao cha mipango miji kinachomalizika saa nne usiku. Nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo hili, na si kwa ubaya wa mtu yeyote.

Kampeni yenyewe ni kubisha hodi. Utatembea na orodha ya nyumba, utauliza jina, utaandika alama, utakwenda mlango wa pili. Chukua mwiko wa mbao wa kusukumia vipeperushi ndani ya matundu ya barua, kwa sababu yana brashi ngumu na nyuma yake pengine pana mbwa. Wenyeji wa kazi hii wote wanao. Na kuna jambo moja ambalo watu wetu lazima waonywe mapema. Takrima, ambayo hata kwetu Mahakama Kuu ya Tanzania iliibatilisha mwaka 2006, hapa ni kosa la jinai. Usiwapikie wapiga kura pilau wakati wa kampeni, hata kama moyo wako ni safi na wageni ni majirani zako wa siku zote. Vilevile usiguse kura ya posta ya mtu mwingine. Tangu 2024 sheria inamkataza mwanakampeni kuishika isipokuwa kwa ndugu wa karibu au mtu anayemhudumia mara kwa mara. Bibi mzee wa ghorofa ya chini akikuomba umtumbukizie bahasha yake sandukuni, mwombee msaada kwa mtu asiye wa kampeni. Na ukihofia usalama wako, unaweza kuomba anwani ya nyumbani kwako isichapishwe kwenye karatasi ya kura.

Je, udiwani ni kazi bure usipofika bungeni? Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, na nakuomba usikubali. Diwani mmoja peke yake hana mamlaka makubwa. Tangu mabadiliko ya mwaka 2000, halmashauri nyingi huendeshwa na kiongozi na baraza lake dogo, hivyo hata uenyekiti wa kamati aliokuwa nao Major hauna tena nguvu zilezile. Lakini diwani akiandika barua, mtendaji hutarajiwa kuijibu. Anaweza kuuliza swali mbele ya baraza zima likaandikwa katika kumbukumbu. Anaweza kuingia na mpangaji katika chumba chenye ukungu na kesho yake akampigia simu mkuu wa idara ya nyumba. Mambo ambayo umoja wenu umeyasubiri miaka mitatu, nimeona diwani akiyapata kwa wiki sita. Ukigombea, gombea kwa ajili hiyo. Ubunge ukija, utakuja kwa sababu ya kazi hiyo. Ukiutanguliza, wale watu 20 wenye nywele nyeupe watauona machoni mwako.

Kuna mahali ambapo barua yangu haitoshi. Nenda mwenyewe katika ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yako, ukiwa na pasipoti na uthibitisho wa ukaaji wako, uwaombe wakuoneshe masharti ya mgombea; huduma hiyo ni bure, nao wamezoea maswali haya. Fomu zipelekwe kwa mkono na zikaguliwe mapema, kwa maana kosa dogo la jina linaweza kukuondoa. Sheria za Scotland na Wales ni tofauti kwa baadhi ya mambo, hivyo ukihama uanze upya kuuliza. Kwa jambo lolote la kibali au uraia, muone wakili wa uhamiaji mwenye leseni; usimtegemee mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Na ikiwa siku moja utafikiria ubunge, muone kwanza wakili wa Tanzania. Diwani hutia saini tamko la kukubali wadhifa na mambo yakaisha, lakini mbunge hawezi kuketi wala kulipwa mshahara mpaka ale kiapo, au atoe tamko badala yake, cha utii kwa Mfalme, na inakupasa ujue kabla ya hapo hatua hiyo ina maana gani kwa uraia wako wa Tanzania.

Kwa sasa, kusanya kumbukumbu za umoja wenu: barua mlizoandika, tarehe, picha za kuta, na orodha ya nyumba zilizokwisha kutengenezwa. Jiunge na chama unachokiamini mapema, kwa kuwa vingi hudai uwe mwanachama kwa muda fulani kabla ya kuomba uteuzi. Ukishajua tarehe ya mkutano huo, niandikie tena, na tutaziandaa pamoja zile dakika zako tano.